Mpira Usioyeyuka: Somo la Polima Zenye Vifungo Vinavyohama

Mvua inyeshapo katika nyanda za Serengeti upande wa Ndutu, maji hukusanyika, hupita katika Korongo la Oldupai, na hatimaye huishia katika Bonde la Olbalbal, chini ya milima ya Ngorongoro. Hapo safari yake hukoma. Bonde hilo halina mto uyachukuao maji kwenda baharini. Yale yasiyonyonywa na ardhi hurudi angani kwa njia ya mvuke, na udongo yaliyokuja nao hubaki pale pale.

Bidhaa nyingi za viwandani zifikazo kwa wananchi wa Olbalbal zina mwenendo kama huo: huingia, lakini hazina njia ya kurudi zilikotoka. Mfano ulio wazi kuliko yote ni tairi la gari. Magari yapandayo kutoka Karatu, yakazunguka ukingo wa kreta na kuteremka kuelekea Oldupai na Serengeti, hupita katika mawe na vumbi, na matairi yake huchakaa upesi. Tairi lililochakaa haliwi tairi tena. Heri yake ni kuangukia mikononi mwa fundi wa katambuga, ambaye hulikata kwa kisu kikali, akatoa soli, akazifunga kwa mikanda ya mpira na misumari midogo, na mfugaji akapata kiatu kisichotobolewa na mwiba wa mgunga.

Lakini hata fundi huyo hodari hawezi kuyeyusha mabaki ya mpira wake na kuyamimina katika kalibu, kama mhunzi ayeyushavyo alumini chakavu ili kutengeneza sufuria. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba mpira wa tairi hauyeyuki, huungua. Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa kemia, nalo ndilo chanzo cha somo letu. Katika makala haya tutaeleza kwa nini mpira huo hauyeyuki, jinsi wanakemia wa siku hizi wanavyobuni polima ngumu ambazo hata hivyo zaweza kufinyangwa upya, na kwa nini kazi hiyo ni ngumu zaidi kwa mpira wa katambuga kuliko kwa gundi ya panga la mtambo wa upepo. Mwishoni mwalimu atapata majaribio mepesi na maswali kwa wanafunzi.

1. Minyororo na shanga

Mnamo mwaka 1920 mwanakemia wa Kijerumani, Hermann Staudinger, alitoa hoja kwamba vitu kama mpira, pamba na wanga vimeumbwa kwa molekuli ndefu mno, ambazo kila moja ni mnyororo wa vipande vidogo vilivyounganishwa kwa vifungo imara vya kemia. Wengi hawakumwamini hapo kwanza. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, na leo molekuli za namna hiyo twaziita polima.

Mwanafunzi aweza kuzifananisha na shanga zilizotungwa katika uzi. Ushanga mmoja ni kipande kimoja cha polima. Uzi mzima wenye maelfu ya shanga ni molekuli moja. Katika utomvu wa mti wa mpira, kipande hicho ni molekuli ya isoprini, yenye atomi 5 za kaboni na 8 za haidrojeni. Nchini Tanzania miti hiyo imepandwa katika mashamba ya Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro.

Sasa chukua nyuzi nyingi za shanga uzirundike katika kikapu. Zitasukana na kushikana kidogo, lakini ukizivuta polepole kila uzi utateleza na kutoka peke yake. Hivyo ndivyo zilivyo polima za mifuko, ndoo na chupa za maji. Zinapotiwa joto, minyororo hupata nguvu ya kuteleza, na plastiki hulainika na kutiririka. Inapopoa hugandamana tena. Plastiki za jinsi hii huitwa themoplastiki. Ni kama samli: ukiipasha huyeyuka, ukiiacha ipoe huganda, na waweza kurudia mara nyingi.

Sasa tazama ukosi wa shanga uvaliwao na wanawake wa Kimaasai. Hapo nyuzi hazikurundikwa tu. Zimepangwa duara baada ya duara, kisha zikafungwa pamoja kwa mishono inayozikatiza. Ukivuta uzi mmoja, ukosi mzima hufuata. Mishono hiyo inayotoka katika mnyororo mmoja hadi mwingine, katika kemia, tutaiita vifungo mtambuko. Polima yenye vifungo mtambuko vya kutosha si rundo la molekuli tena. Kipande kizima kimekuwa mtandao mmoja. Tairi, kwa maana hiyo, laweza kuhesabiwa kuwa molekuli chache kubwa ajabu zionekanazo kwa macho.

2. Salfa yaingia kazini

Mpira mbichi, yaani ule utokao mtini bila kutengenezwa, una kasoro mbili: jua likiwa kali hunata, na baridi ikizidi huwa mgumu na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kutiwa joto huondokewa na kasoro zote mbili. Alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1844. Yeye mwenyewe hakujua sababu, kwa maana wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua polima ni nini.

Sasa sababu inajulikana. Atomi za salfa, moja moja au kadhaa zikiwa zimefuatana, hujenga daraja kati ya mnyororo mmoja wa mpira na mwingine. Mpira laini huhitaji salfa kidogo tu, takriban sehemu 1 hadi 3 katika kila 100 za mpira. Salfa ikizidishwa hadi kufikia 30 au zaidi, madaraja huwa mengi mno na mpira hugeuka kuwa kitu kigumu kama pembe. Kazi hiyo ndiyo iliyofanyika kwa miaka mingi katika kiwanda cha matairi cha General Tyre mjini Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 na ambacho uzalishaji wake ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000: mpira ulichanganywa na salfa, masizi ya kaboni na oksidi ya zinki, ukaumbwa pamoja na nyuzi na waya, kisha ukapikwa ndani ya kalibu.

Neno "kupikwa" si la bahati mbaya. Tumelinganisha themoplastiki na samli. Mpira uliotiwa salfa tuulinganishe na yai. Yai bichi humiminika. Likichemshwa hukauka, na hata ukilichemsha tena na tena halitarudi kuwa ute. Polima za jinsi hii, ambazo joto huzifanya ziwe mtandao wa kudumu, huitwa themoseti. Katika kundi hilo mna plastiki nyeusi ya Bakelite, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907 na kutumika sana katika simu na swichi za umeme; mna gundi ya epoksi; na mna mpira wa tairi.

3. Neema iliyo pia kikwazo

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Vifungo mtambuko ndivyo vinavyolifanya tairi lirudi katika umbo lake baada ya kukanyaga jiwe, lisiyeyuke kwa joto la msuguano, wala lisilainike kwa mafuta yaliyomwagika barabarani. Tukiviondoa, hatuna tairi. Lakini vifungo hivyo hivyo ndivyo vinavyozuia minyororo isiteleze, na hivyo kulizuia tairi lisiumbwe upya. Nguvu ya kitu na taabu ya kukitengeneza upya zatoka katika chanzo kimoja.

Kwa sababu hiyo matairi chakavu duniani yamekuwa yakisagwa na kuwa chembe za kuchanganywa katika lami au viwanja vya michezo, au kuchomwa kama kuni katika tanuri za saruji, au kulundikwa tu. Tairi likichomwa ovyo hutoa moshi mweusi wenye oksidi za salfa na kemikali nyingine za sumu. Likiachwa wazi, hukusanya maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwa muda mrefu wanakemia waliamini kwamba mtandao wa themoseti ukishafungwa haufungiki tena kwa namna nyingine.

4. Fikra mpya: kifungo kinachohama

Swali lililowashughulisha watafiti lilikuwa hili: je, hatuwezi kuwa na vifungo vilivyo imara wakati wa matumizi, lakini vyenye uwezo wa kubadilishana wenzi tuvitakapo? Majibu yaliyopatikana ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kuachia kwanza, kushika baadaye. Mwaka 2002 kikundi cha Fred Wudl katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilieleza plastiki ngumu iliyofungwa kwa mmenyuko uitwao wa Diels na Alder. Ilipotiwa joto la zaidi ya nyuzi 120 za Sentigredi, takriban asilimia 30 ya vifungo hivyo vilifunguka; ilipopoa, vilifunga tena, na nyufa zikazibika. Namna hii ina hatari yake: vifungo vingi vikifunguka kwa pamoja, mtandao hulegea ghafla, na kitu chaweza kupoteza umbo lake.

Namna ya pili ni kushika kwanza, kuachia baadaye. Mwaka 2011 Ludwik Leibler na wenzake wa Paris, Ufaransa, walitangaza plastiki ya epoksi iliyounganishwa na asidi zitokanazo na mafuta, ikiwa na kichocheo cha zinki. Vifungo mtambuko vyake ni vya esta, na kando yake mna makundi huru ya haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni. Ikipashwa joto, kundi la haidroksili la mnyororo mmoja hushambulia esta ya jirani yake. Tuandike hivi, ambapo R, R' na R'' ni sehemu za minyororo mitatu:

R–CO–O–R' + R''–OH → R–CO–O–R'' + R'–OH

Mwanafunzi na ahesabu. Kabla ya mmenyuko mlikuwa na esta moja na haidroksili moja; baada yake mna esta moja na haidroksili moja. Hakuna kifungo kilichopotea. Kilichobadilika ni nani ameshikana na nani. Kwa hiyo wakati wote mtandao una idadi ile ile ya vifungo, hauyeyuki katika viyeyusho, lakini minyororo yake hupata nafasi ya kujipanga upya polepole, na kitu kizima hukubali kukunjwa, kuungwa na kusagwa kisha kushindiliwa kuwa kipande kipya.

Leibler na wenzake walionyesha kwamba mnato wa kitu hicho hupungua kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, kama kioo cha silika mikononi mwa mfua vioo, wala haushuki ghafla kama wa plastiki ya kawaida. Kwa kuwa kioo kwa Kilatini ni vitrum, polima za aina hii ziliitwa vitrima.

5. Hesabu inayoamua kila kitu

Kifungo kinachohama kiwandani kinaweza kuhama hata kiatu kikiwa mguuni, kwa maana joto halina mpaka mmoja ambao chini yake mmenyuko husimama kabisa. Hapo ndipo mbunifu wa polima anapotakiwa kupiga hesabu. Kasi ya mmenyuko hufuata kanuni ya Arrhenius:

k = A e^(–E/RT)

E ni kizingiti cha nishati ambacho sharti kivukwe ili kifungo kihame, R ni 8.314 J kwa moli kwa Kelvini, na T ni halijoto katika Kelvini.

Tuchukue mfano. Tuseme fundi wa kiwanda ametengeneza mpira ambao mtandao wake, kwa nyuzi 180 za Sentigredi (453 K), huhitaji dakika 1 kujipanga upya. Hiyo ni kasi nzuri kwa kuufinyanga. Tuseme kizingiti chake ni 90 kJ kwa moli. Je, utachukua muda gani mahali penye nyuzi 30 (303 K)? Muda huongezeka mara

e^[(90,000 ÷ 8.314) × (1/303 – 1/453)]

yaani takriban mara 137,000. Dakika 1 imekuwa siku 95 hivi. Huenda jambo hilo likaonekana la kuridhisha. Lakini ardhi tupu ya bondeni wakati wa kiangazi, jua likiwa utosini, yaweza kufikia nyuzi 60 (333 K). Tukirudia hesabu kwa halijoto hiyo, jibu ni kama mara 5,500, yaani siku 4 tu. Katambuga iliyotengenezwa kwa mpira huo, na kukanyagwa kutwa nyuma ya ng'ombe, ingetambaa polepole na kutandazika kabla ya mwezi kwisha. Kutambaa huku ndiko adui mkubwa wa polima zenye vifungo vinavyohama.

Sasa tuchague aina nyingine ya kifungo, chenye kizingiti cha 140 kJ kwa moli, tukiendelea kuchukulia kwamba kwa nyuzi 180 huhitaji dakika ile ile 1. Kwa nyuzi 60 muda wake ni kama siku 456, yaani mwaka mmoja na robo wa jua la mfululizo lisilotua. Kwa nyuzi 30 ni zaidi ya miaka 180. Kiatu hicho kitachakaa kwa kusuguliwa na mawe kabla hakijapata kutambaa.

Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini funzo lake ni la kweli. Haitoshi mbunifu kupata kifungo kinachohama. Sharti apate kinachohama upesi katika joto la kiwandani na kukaa karibu tuli katika joto la matumizi, na tofauti hiyo huletwa na ukubwa wa kizingiti. Hata hivyo hana uhuru wote. Akipandisha kizingiti bila kubadili kingine, kasi ya kiwandani nayo hushuka. Atalazimika kuongeza makundi yanayoweza kubadilishana, au kupandisha joto. Na joto likizidi mno, minyororo yenyewe huanza kukatika na kuungua. Njia mojawapo inayotumiwa na watafiti ni kuchanganya vifungo vingi vinavyohama na vichache vya kudumu: vile vya kudumu huzuia kutambaa, lakini kwa kuwa ni vichache havifikii kufanya mtandao kamili peke yake, na hivyo kitu huendelea kufinyangika.

6. Kufuli moja na kufuli mbili

Mwanafunzi mwangalifu aweza kuuliza: mbona gundi ya epoksi ya Paris, ambayo kizingiti chake ni karibu na kile cha kwanza katika mfano wetu, haikutandazika mezani? Sababu ni kwamba polima ngumu ina kufuli mbili. Ya kwanza ni kizingiti cha mmenyuko. Ya pili ni ugandamano wa minyororo yenyewe: chini ya halijoto fulani, minyororo hukosa nafasi ya kujinyonganyonga, na polima huwa kama kioo. Kundi la haidroksili laweza kutaka kumfikia jirani, lakini halina nafasi ya kusogea. Kwa hiyo polima ngumu hukaa tuli hata kama kizingiti chake si kikubwa sana.

Mpira hauna kufuli hiyo ya pili. Ili uwe mpira, sharti minyororo yake iwe huru kunyumbuka katika joto la kila siku. Mpira wa asili huwa kama kioo pale tu baridi inapofikia takriban nyuzi 70 chini ya sifuri. Basi katika mpira ulinzi wote umeachiwa kizingiti cha mmenyuko peke yake. Hii ndiyo sababu tuliyoahidi kuieleza: kubuni tairi au soli inayofinyangika upya ni kazi ngumu kuliko kubuni gundi ngumu inayofinyangika upya.

7. Mapanga ya upepo kando ya Ziwa Turkana

Gundi ngumu nazo zina uzito wake katika eneo letu la Afrika Mashariki. Huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, yenye uwezo wa jumla wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Kila mtambo una mapanga 3; yote pamoja ni 1,095. Panga la mtambo wa upepo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya gundi ya themoseti. Mitambo ya upepo kwa kawaida hukadiriwa kudumu miaka 20 hadi 25. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wa leo watakuwa watu wazima wenye kazi na familia wakati mapanga hayo yatakapohitaji kushushwa, na gundi yake haina vifungo vinavyohama.

Wanaobuni mapanga mapya wameanza kulifikiria jambo hili mapema. Mwaka 2021 kampuni ya Siemens Gamesa ilitangaza mapanga ambayo gundi yake huachia nyuzi za kioo yakilowekwa katika asidi hafifu yenye joto. Miaka miwili kabla, mwaka 2019, watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley huko Marekani, wakiwa na Brett Helms, walieleza plastiki ambayo vifungo vyake vinavyohama hufunguka kabisa katika asidi kali, bila kuhitaji joto, na kurudisha malighafi zake za mwanzo, zikiwa zimeachana na rangi na vijazio vilivyotiwa ndani. Hiyo ni hatua ya mbele zaidi ya kufinyanga upya: ni kuufumua ukosi wa shanga na kuzirudisha shanga katika kibuyu.

8. Je, tairi tulilo nalo?

Itakuwa si haki kumwachia msomaji tumaini lisilo na msingi. Matairi yanayopita leo kati ya Karatu na Olbalbal hayakubuniwa kwa njia hizi. Kweli, kifungo cha salfa kwa salfa ni dhaifu kidogo kuliko cha kaboni kwa kaboni: kukivunja huhitaji takriban 265 kJ kwa moli, ilhali kile cha kaboni huhitaji kama 350. Kweli pia kwamba madaraja yenye salfa nyingi huweza kubadilishana wenzi yakipashwa joto, na watafiti wanajitahidi kuitumia tabia hiyo ili kufungua mtandao bila kuikata minyororo. Lakini tofauti kati ya vifungo hivyo viwili si kubwa; joto linalofungua salfa huanza kudhuru na mpira wenyewe. Isitoshe, tairi ni mchanganyiko wa aina kadhaa za mpira, masizi, nyuzi na waya za chuma, ambavyo kuvitenganisha ni kazi nyingine.

Kwa hiyo kazi ya fundi wa katambuga haijapitwa na wakati. Yeye hutumia mtandao kama ulivyo, bila kuuvunja, wala hahitaji nishati ila ya mkono wake. Kemia ya vifungo vinavyohama haiji kumnyang'anya kisu. Inahusu tairi litakalobuniwa kesho, ambalo soli yake ikishalika kabisa vipande vyake visiishie bondeni bali virudi katika kalibu. Nchi inayonunua bidhaa nyingi kuliko inavyozitengeneza inayo sababu kubwa zaidi ya kuwa na vijana wawezao kumwuliza muuzaji: kitu hiki kikichakaa, vifungo vyake hufunguliwa kwa njia gani, na kwa joto kiasi gani?

9. Majaribio kwa darasa

Jaribio la kwanza: samli na yai. Weka kipande cha mshumaa na kipande cha mpira wa tyubu katika kopo la maji yaliyokaribia kuchemka. Mshumaa utayeyuka na kuelea juu. Mpira utabaki na umbo lake. Mpira usichomwe kwa moto, kwa sababu ya moshi wake wenye sumu.

Jaribio la pili: ushahidi wa mtandao. Pima uzito wa kipande kidogo cha mpira wa tyubu, kisha ukiloweke katika mafuta ya taa kwa siku moja ndani ya chupa iliyofunikwa, mbali na moto. Kitoe, kifute, ukipime tena. Kitakuwa kimevimba na kuongezeka uzito, lakini hakikuyeyuka. Kando yake, weka kipande cha plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia vyombo vya umeme katika asetoni kidogo, madirisha yakiwa wazi. Hicho kitalainika na kupoteza umbo lake mara moja, kwa kuwa minyororo yake haikufungwa mtambuko.

Jaribio la tatu: vifungo vinavyohama. Wanafunzi 12 wasimame katika safu 3 za watu 4, kila safu ikishikana mikono kama mnyororo. Kamba 4 zifungwe viunoni, kila moja ikiunganisha watu wa safu mbili tofauti. Safu zijaribu kupitana, hazitaweza. Kisha mwalimu aruhusu kamba moja kwa wakati: ncha yake ifungwe kwanza kwa mwanafunzi asiye na kamba, ndipo ifunguliwe kwa yule wa awali. Baada ya mabadilishano kadhaa safu zitakuwa zimesogea, na kamba bado ni 4.

Maswali

1. Eleza kwa nini mpira uliotiwa salfa huvimba katika mafuta ya taa lakini hauyeyuki.

2. Taja tofauti kati ya kifungo kinachoachia kwanza na kinachoshika kwanza. Ni kipi hulinda umbo la kitu vizuri zaidi wakati wa kupashwa joto, na kwa nini?

3. Kwa kutumia kanuni ya Arrhenius, rudia hesabu ya sehemu ya 5 kwa kizingiti cha 115 kJ kwa moli na halijoto ya nyuzi 60. Je, soli hiyo yafaa kwa mfugaji wa Olbalbal? Toa sababu.

4. Polima mbili zina kizingiti kimoja cha mmenyuko, lakini moja ni ngumu kama kioo katika joto la kawaida na nyingine ni mpira. Ipi itatambaa upesi zaidi? Eleza.

5. Chagua kifaa kimoja cha plastiki au mpira kilichopo shuleni kwenu. Chunguza kama ni themoplastiki au themoseti, kisha ueleze kitakavyokwisha kitakapochakaa.